Riwaya ya Générose wa Katumba

Siku yangu ya kwanza kwenda kununua maharage Katumba, makazi ya waliokuwa wakimbizi wa Burundi, nilimkuta mkulima Générose amekalia gunia lake, anasoma riwaya. Nikataja bei ya chini, nikaongeza:

“Nyie Warundi mtamuuzia nani mwingine?”

Hakucheka. Akawasomea wakulima wenzake kwa sauti ukurasa mzima, kuhusu mchuuzi anayewapunja watu kwa sababu babu zao walivuka mpaka.

“Bosi, mimi nimezaliwa hapahapa na uraia ninao. Huyu wa kitabuni ni wewe! Ondoka!”

Wenzake wakafunga magunia. Nilipandisha bei mara mbili, wakanigeuzia mgongo. Nikarudi Mpanda na gari tupu. Kesho yake, nilisikia baadaye, Générose aliuza kwa bei pungufu kuliko yangu ya mwisho, kwa mchuuzi mwingine, aliyemwita yeye kwa heshima “Mama Emelyne”, kwa jina la mwanawe.