Doa kwenye Kochi la Bosi

Bosi wetu hapa Lodwar anatafuta karani kijana wa kwenda kufungua ofisi mpya Kakuma. Ujana ninao tele, shida ni mvi tu. Basi Jumamosi alipotualika chai nyumbani kwake, nilizipaka rangi nyeusi ya viatu, nikavaa suruali yangu ya bugaluu, na kioo kikanikubali.

Joto la huku mnalijua. Niliegemea kochi kama kawaida yangu, nikaeleza jinsi sisi vijana tulivyo na nguvu. Nilipoinuka, nikaona doa jeusi kwenye kitambaa cheupe cha kochi. Mimi mwenyewe ndiye niliyelionyesha.

"Mama, watoto wamekuchafulia kitambaa," nikamwambia mke wa bosi.

Miongoni mwa wageni alikuwapo Mzee Ekai, jirani yao Mturkana, ambaye nywele zake zimepambwa kwa udongo wa rangi. Hutembea na kigoda kidogo: mchana hukikalia, akilala hukiwekea shingo ili pambo lisiharibike. Alinitazama kichwani kwa heshima, akanikabidhi kigoda chake kwa mikono miwili.

"Shika, mzee mwenzangu," akasema. "Sisi watu ya kupaka nywele hatuegemei kiti."