Vidole Viwili vya Bwana wa Foni

Mwaka ule wa vita, treni zilipoacha kufika Kamina, habari za ndugu zilipita kwa foni, ile redio ya kuitana mbali, na bwana wa foni alitubana kuliko mwalimu wa kwaya. Kila aliyekaa mbele ya kipaza sauti alionyeshwa vidole viwili vilivyokaribia kugusana. "Njia ya hewani iko hivi tu, mama. Sauti nene inabakia inje, nyembamba inabakia inje, ya katikati njo inapita. Usilie, usipige vigelegele." Wazee wenye besi aliwataka waongee kama wanaoomba chumvi kwa jirani. Hata salamu zetu za Kiluba, zinazoulizia kila kitu mpaka mbuzi, alizikatiza. Asubuhi moja watu wa foni ya Bukama wakaita, na sauti ilikuwa ya dada yake bwana wa foni mwenyewe, aliyepotea tangu vita vianze. Bwana wa foni akavua miwani, akauliza watoto, akauliza shamba, akauliza mbuzi, kisha akapiga kigelegele kirefu, mwanaume mzima. Bukama wakashtuka: "Kamina, mashini yenu inaungua?" Sisi wote tuliokaa kwenye benchi tukamwinulia vidole viwili.