Mwamba Uliofuta Jasho

Nilifika kijijini, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Tura, nikiwa na shahada, kompyuta na maringo ya kujaza kisima kabla hakijachimbwa. Misafara ya zamani ilipita njia hiyo ikitafuta maji kwa macho na miguu. Mimi nilikuja kuyatafuta kwa masikio.

Juu kidogo ya keekee, ile ncha ya mtambo wa kuchimbia inayotoboa mwamba, tulifunga kifaa cha majaribio. Kila mtambo ukizimwa, kilituma habari za chini kwa mapigo yaliyopanda kupitia mabomba ya chuma. Mapigo machache ya polepole: mwamba una nyufa, maji yapo. Mapigo mfululizo: mwamba mkavu. Nami nilivaa hedifoni kubwa na kukunja uso, maana watu walikuwa wananitazama.

Mwamba ukiwa mkavu, mtambo ungehamia kijiji kingine siku hiyohiyo. Aliyeogopa kuliko wote ni mama mwenye kiwanja, ambaye magoti yake yalikwisha kwa kubeba ndoo kutoka korongoni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," aliniambia asubuhi nilipomwamkia. "Nikikosa maji safari hii, mwanangu, nahamia kwa binti yangu Tabora mjini. Sitaki kuondoka hapa, lakini magoti yameshakataa."

Kwenye mita ya sitini tulizima mtambo. Nikasikiliza. Du, du, du, du. Nikarudia, yaleyale.

"Mwamba mkavu," nikatangaza. "Tufungeni vitu."

Fundi mkuu, aliyekuwa akichimba visima tangu mimi sijui kufunga kamba za viatu, alikuwa akitazama mistari ya mapigo kwenye kompyuta. "Injinia, mbona mapigo yanasimama, halafu yanaanza tena? Mwamba gani huo unaopumzika kufuta jasho?"

"Ni hali ya kawaida ya kijiolojia," nikamjibu. Hali hiyo niliitunga palepale.

Nikavua hedifoni, nikaenda kumpa mama habari. Nilimkuta nyuma ya jiko, hatua chache kutoka kwenye mtambo, anatwanga kisamvu cha chakula chetu cha mchana.

"Pole, mama. Chini hakuna maji."

Akaushusha mchi taratibu, akakaa chini. Niliumia kumwona vile.

"Injinia!" fundi akapaza sauti. "Mwamba wako umenyamaza!"

Nikatazama kinu. Nikatazama mtambo. Kwa sauti ndogo nikamwomba mama atwange mara tatu tu.

"Moja! Mbili! Tatu!" akahesabu fundi, macho kwenye kompyuta, na wafanyakazi wote wakaangua kicheko. Kijiji kizima kilikuwa kinasikia kinu kile. Asiyesikia alikuwa mmoja tu, yule aliyeletwa kusikiliza.

Tulipima upya, kinu kikiwa kimya. Mapigo yakaja machache, polepole. Tukaongeza mita chache, maji yakaruka na kutulowesha wote. Mama alicheka huku analia, akaja kunishika mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Kumbe kinu changu ndicho kilichokuwa kinakuharibia kazi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kosa ni langu. Lakini watu walikuwa wananitazama, na maringo hayakuwa yameniisha.

"Usijali, mama," nikasema. "Nimeshakusamehe."

Kisha nikakaa, nikala kisamvu chake sahani mbili.