Mipira ya Freni ya Télesphore

Shemeji yangu Télesphore alikuwa mutu mukaidi, na mimi Angèle sina ulimi wa kuficha maneno. Dada yangu Masika, muke wake, alikuwa hatembei tena tangu alipoanguka. Waasi walipoingia Goma mara ya kwanza, watu walikimbia, wao wawili wakabaki ndani, risasi zinapita juu ya mabati. Siku hiyo Télesphore akaapa: ataunda gari, na Masika hatabaki tena.

Akaiunda kweli, hapa kwetu Keshero, kwa vyuma vya magari yaliyokufa. Mulango mumoja wa bluu, mwingine mwekundu. Majirani walicheka mpaka mbavu zikauma! Lakini kwa freni hakufanya muchezo. Mipira miwili ya magurudumu ya mbele, ile inayopitisha mafuta ya freni, alinunua mipya. Alipoifunga, nilizungusha usukani mpaka mwisho, kushoto, kulia, yeye amelala chini anaangalia isivutike wala isiguse tairi. Kisha nikakanyaga pedali, yeye akatoa hewa ndani ya mipira. "Kanyaga, shemeji! Shika hapo hapo!" Tulipoijaribu gari, ilisimama vizuri. Masika alicheka huku analia.

Basi, wenye bunduki waliotawala muji walikuwa wanachukua kila gari inayotembea. Watu walificha betri. Télesphore akasema aa wapi, betri wanakuja na yao, lakini gari isiyo na freni hakuna atakayeiendesha. Akafungua mipira yake miwili, akaificha kwa mudogo wake Zéphirin, kule Murara, upande mwingine wa muji.

"Tahadhari kabla ya hatari," akaniambia.

"Na hatari ikikuja wakati mipira iko kule?"

Akanicheka tu.

Januari 2002 mulima wa volkano, ule ulio juu ya muji, ukapasuka. Moto ukashuka kuelekea muji, Keshero yote ikashika njia ya Sake. Nilimulilia: "Télesphore, tumuweke Masika kwa chukudu, tusukume!" Chukudu ya mbao, ya magurudumu mawili, ya kubebea viazi, ilikuwa pale ukutani.

"Muke wangu si gunia," akasema. "Ninaenda Murara, ninarudi sasa hivi."

Masika akamuita. Alikuwa amekwisha kupita kona.

Hakurudi. Moto ulikata muji vipande viwili. Nilingoja mpaka nikaogopa, nikamulaza Masika kwa chukudu, nikamusukuma mpaka Sake, ananitukana njia nzima kwa kumuacha mume wake. Nilisukuma tu, mimi! Baadaye Zéphirin alitueleza kwamba Télesphore alifika, akachukua mipira, akakimbia kurudi kwetu. Hakuna aliyemuona tena.

Na moto haukufika Keshero. Tuliporudi tulikuta nyumba nzima, gari nzima. Nilipiga gari ile mateke mpaka mguu ukavimba, Mungu anisamehe.

Hatukupata mwili wa kuzika. Mawe ya moto yalipoa, watu wakajenga juu yake. Kila Novemba, siku ya wafu, Masika ananiomba nimupeleke Murara na maua. Tunafika, anatazama zile nyumba mpya moja moja, maua mapajani.

"Angèle," ananiuliza, "niyaweke kwa mulango wa nani?"