Uji wa Mzazi

Binti yangu amejifungua, na majirani wamejaza jikoni kwangu vibuyu vya uji wa wimbi uliochachuka. Wakinikaribisha kikombe nakataa kwa ukali. Harufu yake siivumilii.

Mama alijifungua wakati wa Dharura, wazungu walipokuwa wakipigana na wapiganaji wa msituni, tukiwa tumefungiwa katika kijiji kilichozungukwa na handaki. Kwetu Meru mzazi hunyweshwa uji mpaka anenepe, ndipo atoke nje. Njaa ilikuwepo, lakini majirani walijinyima wakamletea kibuyu kila asubuhi. Hata hivyo Mama alizidi kukonda, na mtoto alinyonya huku akilia.

Siku moja homgadi, mtu wa kwetu aliyepewa bunduki na wazungu, alisimama mlangoni akamkagua kama mbuzi wa sokoni.

"Wewe mama, uji unaletewa kila siku na bado umekonda hivi? Unawapelekea watu wa msituni!"

"Naunywa wote," Mama akasema.

"Mzazi anayekunywa uji hakondi. Nani anaunywa?"

Akakipasua kibuyu kwa kitako cha bunduki. Akamwamuru Mama atoke siku hiyo hiyo akachimbe handaki, damu ya uzazi haijakauka. Namchukia mpaka leo, huko kaburini aliko.

Neno moja tu kutoka kwangu lingemwokoa Mama, na sikulisema. Naye hakugeuka kunitazama. Nilikuwa nyuma yake, mashavu yamenijaa, na uji wa asubuhi ulikuwa haujanikauka kidevuni.