Siku Mama Alipoanua Dagaa wa Shangazi

Kwa miaka mingi nilikana kwamba nilimwona mama yangu mwoga. Juzi, Musoma mjini, nilimwona mwanamke akianua dagaa mbiombio kabla ya mvua, na harufu ile ikanirudisha Mugango, kijijini kwetu kando ya ziwa.

Baba alikuwa amefariki, na dada yake, shangazi yangu, alikuwa ametufukuza kwenye nyumba. Alasiri ile wingu lilitanda ziwani. Dagaa wa shangazi walikuwa wameanikwa jirani na wetu, mwenyewe hayupo. Mama akaanua wa shangazi kwanza, akawatia kwenye ndoo. Wetu wakalowa.

Shangazi akatokea akihema. “Mwizi wewe! Umemmaliza kaka yangu, sasa umehamia kwenye dagaa zangu?”

“Shika ndoo yako, wifi,” mama alisema, kisha midomo ikaendelea kumchezacheza bila sauti.

Nilijua ni hofu. Chuo kikuu kilinisaidia tu kuipa hofu hiyo majina marefu zaidi.

Juzi hiyohiyo nikampigia simu. “Mama, ulikuwa unamwogopa shangazi?”

Akacheka. “Nimwogope yule? Nilikuwaga naomba. Nilimwambia Yesu, dagaa nimeanua kwa sababu umesema wewe tupende adui. Ila ukiniachia mkono sasa hivi, hii ndoo namvika kichwani.”