Kiporo Kwenye Madigadi

Nisiwafiche, ndugu zangu: mimi niliwahi kuziba gari kwa ugali.

Nilikuwa nateremka kutoka Vudee nikagonga gema, madigadi ikabonyea kama bakuli. Mnunuzi wa gari hilo, mzee wa kanisa kutoka Gonja, alikuwa anakuja kesho yake, na gari lililobonyea halina bei. Fundi alitaka wiki nzima. Pati, ile lipu ya kuzibia bati, haikuwepo. Miaka ile ya Ujamaa hata sabuni tuliipangia foleni. Basi nikakanda kiporo cha ugali, nikajaza lile bonde, nikalisawazisha kwa mwiko na kupaka rangi iliyobaki ya milango ya ofisi ya kijiji. Nikajiona fundi wa Same nzima.

Mzee alifika, akalizunguka gari, akaridhika.

"Basi tumalizane, mzee," nikasema.

"Tuliombee kwanza, mwanangu."

Akafumba macho, akaegemeza kiganja pale pale kwenye madigadi, akaomba kwa kirefu. Nadhani mimi niliomba zaidi. Aliposema amina, vidole vyake vyote vilikuwa vimezama. Akavichomoa, akavinusa, akanitazama kwa upole.

"Na mboga umeiweka wapi?"